Kidonge cha MS hakiji peke yake

Mpaka mwaka 2010, mgonjwa wa maltipo sklerosisi, yaani MS, aliyetaka kupunguza mashambulio ya ugonjwa wake hakuwa na njia isiyopitia sindano au dripu. Interferoni beta ilikuwepo tangu 1993 na glatirameri tangu 1996, zote za kujichoma mwenyewe, kwa kawaida za kutunzwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Septemba 2010 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ikaidhinisha fingolimodi, kapsuli ya miligramu 0.5 inayomezwa mara moja kwa siku. Tangu hapo vidonge vimefuatana kama malori kwenye mlima Kitonga.

Anayetazama kutoka Mbeya, Iringa au Njombe ana sababu ya kufurahi. Kidonge hakidai friji wala nesi wa kuchoma, na kinaweza kutumwa kwa basi kikafika salama. Lakini kila kidonge cha MS huja na msafara wake: vipimo vya damu, kipimo cha umeme wa moyo, uchunguzi wa macho, hesabu ya siku zilizorukwa. Watengenezaji hutangaza ukubwa wa kidonge na namba ya mashambulio yaliyopungua. Kwa mgonjwa wa Makete au Ileje, msafara ndio unaoamua kama dawa itamfaa, na naona huko ndiko dawa mpya zinapaswa kupimiwa kwanza.

Tuuweke ugonjwa wenyewe mahali pake kwa ufupi. Katika MS chembe za kinga huugeukia utando wa mafuta, mayelini, unaofunika nyuzi za fahamu ndani ya ubongo na uti wa mgongo, kama plastiki inavyofunika waya wa umeme. Utando ukichubuka, ujumbe unapotea njiani: jicho moja linaona ukungu, miguu inakufa ganzi, mtu anayumba, mkojo haushikiki. Dalili zinaweza kupungua zenyewe baada ya wiki kadhaa, kisha zikarudi kwa sura nyingine. Huwapata zaidi wanawake, na mara nyingi huanza kati ya miaka 20 na 40. Huku karibu na ikweta ni nadra kuliko Ulaya ya kaskazini, na unadra huo una gharama yake: mgonjwa huzungushwa kwa jina la kiharusi, la mgongo, la presha, au la jirani mwenye jicho baya, kabla mtu hajataja MS.

Fingolimodi ndiyo somo zuri la jinsi msafara unavyozaliwa. Wanakemia wa Japani waliitengeneza wakianzia kwenye sumu ya kuvu anayeota juu ya wadudu, ikajaribiwa kwanza kwa waliopandikizwa figo, huko ikashindwa kuonyesha faida, ndipo ikahamia MS. Kazi yake ni kuzifungia limfosaiti, chembe nyeupe za kinga, ndani ya matezi zisitoke kwenda kushambulia ubongo. Katika jaribio la FREEDOMS lenye watu 1,272, waliomeza dawa walipata wastani wa mashambulio 0.18 kwa mwaka, na waliomeza kidonge kisicho na dawa 0.40. Hilo ni punguzo la zaidi ya nusu, na hakuna wa kulibeza.

Tatizo ni kwamba mlango ambao dawa hii inaubisha kwenye limfosaiti upo pia kwenye moyo. Dozi ya kwanza hupunguza mapigo. Kwa hiyo siku hiyo mgonjwa hupimwa umeme wa moyo kabla ya kumeza, kisha mapigo na presha kila saa kwa saa 6, kisha umeme wa moyo tena. Mapigo yakiwa chini ya 45 kwa dakika, au yakiwa ndiyo kwanza yamefika chini kabisa saa ya sita, haruhusiwi kwenda nyumbani. Na siku hiyo hujirudia. Akikosa dozi siku moja ndani ya wiki mbili za kwanza, anaanza upya na saa zake 6. Wiki ya tatu na ya nne, akikosa zaidi ya siku 7. Baada ya mwezi wa kwanza, akikosa zaidi ya siku 14. Gari likikwama kwa matope milima ya Ludewa mwezi Machi na dawa ikachelewa, hesabu hiyo haina huruma.

Kuna jambo baya zaidi ya kukosa dozi chache, nalo ni kukosa dawa kabisa. Novemba 2018 FDA ilionya kwamba baadhi ya wanaoacha fingolimodi hurudiwa na ugonjwa kwa ukali kuliko ulivyokuwa kabla hawajaianza, kwa kawaida ndani ya wiki 12. Mfamasia yeyote aliyewahi kuandika «hakuna stoo» kwenye cheti cha mgonjwa aisome sentensi hiyo mara mbili. Dawa ambayo kukatika kwake kunaweza kuharibu kuliko kutokuwepo kwake inahitaji mnyororo wa usambazaji usiokatika, na hilo si la kuahidi kirahisi kwa ugonjwa wenye wagonjwa wachache ambao oda zao ni ndogo. Ongeza malaria. Kule Kyela mtu atapewa ALu au, ikilazimu, kwinini, na zote zinaweza kugusa umeme wa moyo. Anayeandika dawa ya malaria anapaswa kujua kwamba mgonjwa yuko kwenye fingolimodi, na mara nyingi hatajua isipokuwa mgonjwa aseme.

Watengenezaji waliofuata waliisikia kero ya dozi ya kwanza. Siponimodi, iliyoidhinishwa Machi 2019, ozanimodi ya Machi 2020 na ponesimodi ya Machi 2021 hubisha mlango uleule, ila zinapandishwa kidogo kidogo ili moyo uzoee. Ozanimodi huanza na miligramu 0.23 kwa siku 4, kisha 0.46 kwa siku 3, kisha 0.92 moja kwa moja. Mtu asiye na historia ya moyo halazimiki kukaa saa 6 kitandani. Hayo, kwa macho yangu, ni maendeleo makubwa kuliko tofauti ndogo za mashambulio ambazo kampuni hupenda kuchora kwenye grafu, kwa sababu yamemwondoa mgonjwa wodini. Bado kuna mtego: akiruka dozi ndani ya wiki mbili za kwanza za ozanimodi, pakiti ya kuanzia inarudiwa tangu mwanzo. Siponimodi nayo inadai kipimo cha vinasaba kabla ya kuanza, ili kujua ini la mgonjwa linaivunja kwa kasi gani, na kipimo hicho si cha kuagiza kwenye maabara ya wilaya.

Vidonge vingine viwili nitavipita haraka zaidi. Dimethili fumarati ilitoka kwenye tiba ya ngozi ya Wajerumani. Huanza na miligramu 120 mara mbili kwa siku kwa siku 7, kisha 240 mara mbili. Baadhi huiacha mwezi wa kwanza kwa sababu ya tumbo na joto la ghafla usoni na kifuani. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Mgonjwa anahisi moto na muwasho, anadhani ni mzio, anatupa dawa. Chakula kabla ya kidonge husaidia sana, hasa chenye mafuta, na Rungwe hawana shida ya parachichi. Asichopaswa kufanya ni kufungua kapsuli na kumwaga unga kwenye uji. Damu hupimwa kila baada ya miezi kadhaa, na limfosaiti zikikaa chini ya 500 kwa mikrolita moja ya damu kwa zaidi ya miezi 6 dawa hufikiriwa kusimamishwa, maana hapo virusi vinavyolala mwilini vinaweza kuamkia ubongoni.

Teriflunomidi ni ndugu wa dawa ya baridi yabisi, leflunomidi. Kidonge kimoja cha miligramu 14 kwa siku, vimeng'enya vya ini kila mwezi kwa miezi 6. Ugumu wake uko kwa mama anayeweza kushika mimba: dawa inaweza kudhuru mtoto tumboni, na inaweza kubaki mwilini hadi miaka miwili baada ya kuachwa. Kuiosha kunahitaji siku 11 za mkaa wa dawa, gramu 50 kila saa 12, au za kolestiramini, gramu 8 mara tatu kwa siku. Kwa ugonjwa unaoanza mtu akiwa na miaka 25, hilo lazungumzwe siku ya kwanza, kabla ya kadi ya dawa kuandikwa.

Sasa kladribini, ambayo kwa Nyanda za Juu Kusini nadhani ndiyo inayostahili mjadala mrefu kuliko zote. Ilijulikana kwanza kama dawa ya aina fulani ya saratani ya damu. Limfosaiti zina kimeng'enya kingi cha kuiamsha na kidogo cha kuizima, kwa hiyo dawa hujikusanya ndani yao na kuzipunguza, huku chembe nyingine nyingi zikiguswa kidogo. Jaribio la CLARITY la watu 1,326 lilionyesha mashambulio 0.14 kwa mwaka dhidi ya 0.33. Hata hivyo hofu ya saratani iliikwamisha. Ulaya na Marekani zikasita, na kampuni ya Merck ya Ujerumani ikaiweka kando mwaka 2011. Ulaya iliikubali Agosti 2017, Marekani Machi 2019, tena ikiwa na onyo la saratani juu kabisa ya karatasi yake. Julai 2023 Shirika la Afya Duniani likaiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu pamoja na glatirameri na rituksimabu. Kati ya hizo tatu, ya kumeza ni hii moja.

Hesabu yake ndiyo inayovutia. Mtu wa kilo 60 humeza vidonge 6 vya miligramu 10 ndani ya siku 5 za mwezi wa kwanza: viwili siku ya kwanza, kimoja kimoja siku nne zinazofuata. Mwezi wa pili anarudia vilevile. Basi, mwaka umeisha. Mwaka wa pili anafanya hivyohivyo, na miaka miwili inayofuata hamezi kitu. Jumla ni vidonge 24. Wa fingolimodi, katika miaka miwili ya kwanza, amemeza kapsuli 730, na wa fumarati karibu mara mbili ya hizo. Vidonge 24 vinaweza kuagizwa kwa jina la mgonjwa, vikafika, vikahesabiwa mezani mbele yake. Hakuna mwezi wa kusema stoo imeisha.

Makosa yake nayo ni ya kipekee, na mengi ni madogo hata yanachekesha. Dozi hufuata uzito kwa ngazi za kilo 10. Mwenye kilo 58 anameza vidonge 5 kwa wiki ya dawa, mwenye kilo 60 anameza 6. Mtu akipimwa Makete mwezi Julai akiwa na koti, sweta mbili na buti, amepanda ngazi bila kunenepa. Avue. Kidonge kishikwe kwa mikono mikavu na kimezwe papo hapo, kisiachwe mezani wala kukatwa, na mjamzito asikiguse. Dawa nyingine yoyote ya kumeza ikae mbali nacho kwa saa 3.

Kosa zito liko kwenye karatasi ya maabara. Kabla ya mwaka wa kwanza limfosaiti lazima ziwe za kawaida, kabla ya mwaka wa pili zisipungue 800. Kipimo ni picha nzima ya damu, FBP ya kawaida, na hurudiwa mwezi wa 2 na wa 6 wa kila mwaka wa dawa. Lakini daktari mwenye haraka husoma asilimia badala ya idadi. Asilimia 25 inapendeza machoni. Ikiwa chembe nyeupe zote ni elfu 2.8, limfosaiti ni elfu 0.7, yaani 700, na mgonjwa huyo hapaswi kuanza mwaka wa pili mpaka zipande. Inaweza kusubiriwa hadi miezi 6. Zisipopanda, tiba inaishia hapo. Zikishuka chini ya 200 anapewa dawa ya kukinga mkanda wa jeshi mpaka zirudi.

Hapa ndipo Nyanda za Juu Kusini zinapogeuza kitabu cha Ulaya kichwa chini. Kladribini hairuhusiwi kwa mwenye VVU, mwenye kifua kikuu hai, wala mwenye homa ya ini sugu inayoendelea. Njombe, Iringa na Mbeya ndizo zilizokuwa na viwango vya juu vya VVU nchini katika utafiti wa kitaifa wa 2022 na 2023. Kifua kikuu kilicholala nacho lazima kitafutwe na kutibiwa kwanza. Kinga ya tetekuwanga huangaliwa kwa damu, na asiye nayo huhitaji chanjo ambayo haimo kwenye ratiba ya kawaida ya watoto wetu. Mwanamke na mwanaume wote wazuie mimba wakati wa dawa na miezi 6 baada ya dozi ya mwisho. Yote haya yanawezekana, na sehemu yake kubwa imeshazoeleka. Kliniki za CTC, za tiba ya VVU, za mikoa hii zimefundisha maelfu ya watu kumeza dawa maisha yote, kupeleka sampuli ya damu mbali na kurudi kwa tarehe. Ukitaka kujua kama mtu wa Wanging'ombe anaweza kufuatiliwa kwa miaka minne, jibu lipo huko tayari.

Kuna la kutangulia yote, ambalo matangazo ya dawa hayaligusi: uhakika kwamba ni MS. Ugonjwa unaofanana nao, unaoshika zaidi mishipa ya macho na uti wa mgongo na kuitwa NMO kwa kifupi, huwapata watu wenye asili ya Afrika kwa ukali, na fingolimodi au interferoni zinaweza kuuzidisha. Kipimo cha damu cha kutafuta kingamwili dhidi ya protini iitwayo akwaporini 4 husaidia kuutenganisha, na mgonjwa aliyepooza miguu yote kwa ghafla, au aliyepofuka macho yote mawili, asianzishiwe kidonge chochote kabla jibu halijarudi. Kifua kikuu cha uti wa mgongo, upungufu wa vitamini B12, kaswende ya zamani na VVU yenyewe huleta ganzi na udhaifu wa miguu. Tegu wa nguruwe, anayejulikana vizuri Mbozi na vijiji vya Mbeya, huacha alama ubongoni ambazo kwenye CT ya haraka zinaweza kumpoteza asiyemfikiria. MRI ya ubongo na ya mgongo, pamoja na maji ya uti wa mgongo, ni gharama kubwa. Kumpa mtu dawa ya kushusha kinga kwa ugonjwa asiokuwa nao ni gharama kubwa zaidi.

Kwa haki, niseme pia kwamba mshindani mkubwa wa vidonge vyote hivi hamezwi. Rituksimabu ni dripu, hutolewa kila baada ya miezi kadhaa, na tayari inajulikana kwenye wodi za saratani. Anayedai kwamba kumeza ni bora daima aoneshe hesabu ya nauli.

Kizazi kipya cha vidonge kinaelekea kwingine. Dawa zilizotangulia hupunguza mashambulio, lakini wagonjwa wengi huendelea kudhoofika taratibu hata bila shambulio jipya, kama lundo la maranda la Mafinga linalofuka ndani huku juu hakuna mwali. Vizuizi vya kimeng'enya cha BTK viliundwa vipenye hadi ubongoni na kutuliza seli B za kinga pamoja na mikroglia, chembe za ulinzi zinazoishi humohumo. Cha kwanza kuanguka kilikuwa evobrutinibu, Desemba 2023. Majaribio yake mawili yaliishindanisha na teriflunomidi, na matokeo yakawa 0.15 kwa 0.14 katika moja, 0.11 kwa 0.11 katika jingine.

Namba hizo zinasema jambo kubwa kuliko kushindwa kwa dawa moja. Katika jaribio la TEMSO la zaidi ya muongo mmoja kabla, watu waliomeza teriflunomidi ya miligramu 14 walipata mashambulio 0.37 kwa mwaka. Dawa ni ileile na kidonge ni kilekile, ila sasa ni 0.14 au 0.11. Waliobadilika ni wanaoingia majaribioni: wanagunduliwa mapema, ugonjwa wao ni mpole. Ukipima dawa mpya kwa mashambulio ambayo karibu hayatokei, unapima hewa. Tolebrutinibu ilionyesha hilo waziwazi. Haikuishinda teriflunomidi kwenye mashambulio, lakini katika jaribio la HERCULES, kwa watu 1,131 wasiopata tena mashambulio ila wanaodhoofika, waliothibitika kudhoofika kwa miezi 6 walikuwa asilimia 22.6 dhidi ya 30.7 ya wasiopewa dawa.

Halafu ini. Juni 2022 FDA ilisimamisha kwa sehemu majaribio ya tolebrutinibu kwa sababu ya madhara ya ini. Katika HERCULES vimeng'enya vilipanda zaidi ya mara tatu ya kiwango kwa asilimia 4.0 ya waliomeza dawa, na visa vikali kabisa vilijitokeza ndani ya siku 90 za kwanza. Njia ya kuvikamata mapema ni kupima ini mara kwa mara katika miezi hiyo mitatu. Mtu wa London anapima akitoka kazini. Mtu wa Ileje akitakiwa kupima kila wiki anapanda gari asubuhi, analala mjini au anarudi usiku, mara kumi na mbili, kwa dawa ambayo ikifanya kazi hatahisi chochote, maana faida yake ni kutodhoofika. Dawa ya namna hiyo ikija bila kifaa cha kupima ini kwa tone la damu la kidoleni kwenye kituo cha afya, huku itabaki habari ya magazetini.

Na kuna pengo ambalo linaweza kuzibwa kutokea hapahapa. Majaribio makubwa ya MS huwaondoa mapema wenye kifua kikuu kilicholala, VVU na homa ya ini, kisha dawa huuzwa kwa dunia nzima. Rifampisini, nguzo ya tiba ya TB, hushusha kiwango cha teriflunomidi mwilini kwa karibu asilimia 40, na siponimodi kwa zaidi ya nusu. Kituo cha utafiti cha NIMR Mbeya kimeshiriki majaribio ya kimataifa ya dawa za TB, kina wauguzi wanaojua kuhesabu vidonge vilivyobaki kwenye kopo na maabara zinazojua kutunza sampuli. Wagonjwa wa MS wa kanda hii ni wachache mno kuweza kupima kama dawa inapunguza mashambulio, lakini swali la usalama halihitaji maelfu. Linahitaji watu wachache kutoka nchi kadhaa zenye TB nyingi, dozi 12 za kila wiki za kutibu TB iliyolala, kisha kladribini, na FBP mwezi wa 2 na wa 6.